Maji Tuliyooshewa Mikono

Shule sikusoma; kuandika nilifundishwa ukubwani na masista. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo.

Mwaka ule watu walirudi Shinyanga kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita wakiwa na ndui. Serikali ikaamuru tuchanjwe wote. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba asiyekuja atafungwa. Vitisho vya nini? Sisi kuchanjwa hatukuanzia kwa Wazungu. Mganga alikuchanja kifuani, akakusugua dawa, ukaenda zako. Mama alitupaka mafuta mimi na kaka yangu kama tunaokwenda harusini.

Kilikuwa kiangazi kikali. Maji safi yalipatikana kwa kufukua mchanga mtoni, na wanawake walikuwa wameyachota tangu alfajiri, mitungi imejaa uani kwa mwanangwa. Dresa, mchanjaji aliyeletwa na serikali, alipoiona akafurahi.

"Haya ndiyo ya kuchemshia sindano na kuoshea mikono?"

"Hayo ya pombe," mwanangwa akamjibu. "Nina wageni jioni. Yako yanakuja." Akamgeukia baba yangu, maana mwanangwa alikuwa amemwoa dada yake, shangazi yangu. "Shemeji, chukua madebe uende lamboni."

Lambo ni bwawa la kunyweshea mifugo. Nilimfuata baba. Ng'ombe walikuwa wamesimama ndani, maji magotini, wananya humo humo.

"Baba, yana mavi."

"Yatachemshwa. Tembea."

Hayakuchemshwa. Kuni zilikuwa mbichi, watu wengi, na mwanangwa anahimiza. Dresa alitia kidole chunguni, akasema, "Bado ni vuguvugu tu, mzee."

"Wewe umeletwa kuchanja au kupika?"

Watu wakacheka. Dresa naye, mtu aliyesomeshwa kazi ile, akacheka, akachovya sindano, akaanza. Tuliooshwa mikono kwa maji yale tulikuwa wengi.

Sitasema chanjo ni mbaya. Ng'ambo ya mto walichanjwa na dresa mwingine, kwa maji yaliyotokota, na ndui ilipopita iliwaruka. Nawalaumu watu, tena nawajua: mwanangwa na pombe yake, dresa na kicheko chake. Wa tatu anakuja.

Mkono wangu ulioza. Mpaka leo hauinuki kupita bega. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, taya zilikaza hata uji haukupita. Mgongo ukapinda kama upinde. Alikufa macho wazi, ananitazama mimi.

Watoto wengine nao walivimba, ndipo bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaja kuuliza, yeye na mkalimani wake. Tulikusanywa uani pale pale. Mwanangwa akawahi kusema.

"Ni wanawake hawa, bwana. Wamepaka vidonda mavi ya ng'ombe. Ushamba tu." Akamnyooshea mama kidole. "Huyu ndiye aliyewaonyesha wenzake. Muulizeni mumewe."

Mama hata hakushtuka. Alikaa akimngoja baba aseme. Alijua aliyekwenda lamboni ni nani.

Baba akatazama chini. "Ndiyo, bwana. Alipaka. Nilimwona."

"Baba! Si tulikwenda wote!" nikapiga kelele. Shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja.

Mama akasimama. Akasema kwa Kisukuma, polepole, ili mkalimani asikose neno: "Mavi yalikuwepo kweli, bwana. Yalikuwa ndani ya chungu, kabla sindano haijamgusa mwanangu."

Mkalimani akamtazama mwanangwa, kisha akamgeukia Mzungu.

"Anakubali," akasema.

Basi. Bwana shauri akamkaripia mama mbele ya watu, akapanda farasi wake akaenda. Na wale kina mama waliofiwa wakaamini. Mtoni wakawa wanamwachia nafasi, kama mwenye ukoma.

Mama hakuondoka kwa baba. Angekwenda wapi na mimi na mkono huu? Lakini kwetu mke hamwiti mume kwa jina lake. Humwita baba wa mtoto, na mtoto wao wa kwanza alikuwa kaka yangu. Jina lile mama hakumpa tena.

"Shahidi, chakula."

"Shahidi, ng'ombe wamerudi."

Alimwita hivyo mbele ya wageni, mbele ya mwanangwa mwenyewe, bila kupandisha sauti. Mwanzoni baba alifoka. Mwisho akawa anaitika.