Diski Zilizokaushwa kwa Moshi

Nianze na ubishi, maana bila ubishi ule nisingehangaika na zile diski hata siku moja. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Ukiniita mchoyo nitacheka, ukiniita mnene nitageuka ujionee vizuri, lakini ukisema nimeshindwa wakati sijashindwa, hapo utanitafuta ubaya.

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na kila mtu mjini Songea akawa ana mitumba ya kuuza, nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi mmoja wa mbegu na mbolea. Wafadhili walituletea kompyuta mbili. Tulizifunika vitambaa vya kufuma kwa mkono, na asubuhi tulizifunua taratibu kama watu wanaomwamsha mgonjwa. Mzungu mkuu wa mradi alikuwa na boksi la diski za gemu, zile diski ndogo za mraba zenye kibati kinachofunguka na kujifunga. Alinifundisha kuzicheza ili vidole vyangu vizoee mashine. Vikazoea mno. Alipokuwa anaondoka alinipa boksi lote, diski kumi na nane, na mimi nikaandika juu ya kila moja kwa kalamu ya wino: nyoka, ndege, karata, mpira, matofali.

Matofali ndiyo ilikuwa gemu yangu. Yanadondoka kutoka juu, wewe unayapanga yasiache upenyo. Ukimaliza, gemu inakuuliza jina, na kama umefanya vizuri inakuweka kwenye orodha ya washindi kumi, humo humo ndani ya diski. Jina langu lilikaa juu kabisa ya orodha ile miaka miwili. Nikija kazini na kichwa kinaniuma, nilikuwa nafungua orodha, naliangalia jina langu, nafunga, naendelea na barua za mkurugenzi.

Aliyenisumbua ni mtunza stoo. Alikuwa Mhehe wa Iringa na mimi ni Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hana adabu kwako wala wewe huna kwake. Alikuwa jitu la mtu. Alibeba mifuko miwili ya mbolea kwa mpigo, mmoja kila bega, huku anapiga mluzi. Saa ya chakula alikuja kukaa kwenye kompyuta, akibonyeza vitufe kwa vidole kama mihogo, nami nikimwambia atuhurumie, mashine ni ya msaada. "Subiri, mla panya," alikuwa ananijibu. "Ipo siku nitakupita." Namuuliza mbwa wake yuko wapi siku hizi, mbona hatumsikii kubweka, au ndiyo mchuzi wa Jumapili? Ofisi nzima inacheka, kazi inaendelea.

Siku ya mwisho ya mradi nilimpeleka kitindamimba wangu kwenye chanjo. Niliporudi mchana, kompyuta zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi, na mtunza stoo amesimama mlangoni, meno yote nje.

"Mtani, nimekupita. Jina langu liko juu."

"Mwongo!"

"Boksi lako la diski hili hapa," akanipa. "Kaangalie."

Nikaangalie wapi? Diski ninayo mkononi, mashine imeshapigwa misumari kwenye mbao. Mjini kote sikumjua mtu ambaye angenifungulia kompyuta yake ya ofisi ili nitafute jina langu kwenye matofali. Basi ikawa ndiyo habari yenyewe. Miaka minane, Yesu na Maria! Kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye matanga ya watu waliokufa na shida zao, nikiingia tu namsikia: "Mpisheni huyo mama, ni mshindi wa pili." Watu ambao hawajawahi kuona kompyuta walijua kwamba nilishindwa kwenye kompyuta.

Mwaka binti yangu mkubwa alipochumbiwa, wiki ya Pasaka, nilikutana na mtani wangu sokoni kwenye samaki. Akaniuliza mbele ya wauza dagaa wote kama diski bado ninazo. Nikasema ninazo. "Basi sikiliza, mtani. Siku hizi kompyuta ziko mpaka madukani. Zifungue. Kama siko juu, siku ya sendoff ya kumuaga mwanao nitakubeba mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto, nizunguke ukumbi mzima wakwe zako wakiona. Kama niko juu, unanibeba mimi."

Wauza dagaa wakapiga makofi. Nikasema sawa, hata kabla hajamaliza. Nilipofika nyumbani na kukaa chini ndipo nikakumbuka ile mifuko miwili ya mbolea, na kwamba sasa aliyetakiwa kubeba mzigo wa namna ile ni mimi, mbele ya wakwe ambao walikuwa walimu watupu, watu wa kutabasamu kwa kipimo. Mume wangu aliposikia alienda kulala saa moja jioni.

Diski mbili, za karata na ndege, nilikuwa nazo mwenyewe kabatini, nimezifunga kwenye taulo pamoja na vidonge vya kufukuza mende. Zile nyingine kumi na sita, za thamani zaidi, matofali ikiwemo, nilikuwa nimezipeleka kijijini Lusewa kwa mama yangu tangu zamani, kwa sababu wanangu walikuwa wanachezea vile vibati, ka-cha, ka-cha, mpaka damu inanichemka. Mama ni mkulima, na sijawahi kusikia kwamba amepoteza kitu alichopewa kutunza. Nikapanda lori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda?" Sikuwa nimekonda. Ndivyo anavyosalimia.

"Mama, diski zangu ziko wapi?"

Akaonyesha juu kwa midomo. Tulikuwa tumekaa jikoni kwenye mafiga, moto unawaka. Nikainua macho. Kule juu ya moto, kwenye dari, yalikuwa yananing'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, na katikati ya mahindi kuna mfuko mweusi tii. Nikapanda kwenye kinu nikaushusha. Zilikuwamo diski zangu kumi na sita, nyeusi kama kitako cha sufuria, na juu yake zimenyunyiziwa majivu.

"Mama! Umezikausha kama samaki!"

"Usinipigie kelele kwangu. Ulisema zisipate unyevu. Hapo kuna unyevu?"

"Lakini moshi, mama!"

"Nilikuuliza zinaharibiwa na nini, ukasema unyevu na wadudu. Mimi mdudu namjua ni dumuzi, na dumuzi haendi kwenye moshi. Mwaka juzi amemaliza mahindi ya kijiji kizima, yangu hakugusa."

"Na majivu?"

"Majivu niliongeza tu, kwa sababu ni zako."

Miaka minane mwanamke yule alikuwa anazishusha kila msimu, anazipangusa vumbi, anaongeza majivu, anazirudisha. Nilikula ugali nimevimba, na nilipoondoka sikumuaga vizuri, jambo ambalo linanichoma hadi leo. Kwenye lori jirani yangu aliniuliza kama samaki wangu ni wa kuuza.

Karibu na soko palikuwa na duka la steshenari la mama mmoja wa Kiyao kutoka Tunduru, rika langu, ushungi wake mweupe haujawahi kupata doa. Alikuwa na kompyuta yenye mdomo wa kusomea diski zile za zamani na mashine ya kuchomea sidii. Nilipofungua mfuko alirudi nyuma hatua mbili.

"Dada, hizi ni diski au ni samaki mbasa?"

Nikamweleza yote, ubishi, mbeleko, moshi. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanawa mikono, akaleta pamba na spiriti, akaniambia tuanze na zile mbili safi za kabatini, maana nyeusi zile hawezi kuziingiza kwenye mashine yake hivi hivi. Zile safi hazikusoma. Alipokisogeza kibati tukaona ukungu mweupe umetambaa ndani, kama ule wa mkate uliosahauliwa. Zimekufa zote mbili, na taulo langu, na vidonge vyangu.

Tukageukia za mama. Unafungua kibati, unazungusha kile kisahani cha ndani kidogo kidogo, unapangusa kwa pamba, pamba inatoka nyeusi, unachukua nyingine. Nusu saa kwa diski moja. Ya kwanza ilikuwa ya nyoka. Mashine ikaguna, ikakohoa, ikasoma. Nyoka akatokea kwenye kioo anatembea! Nilipiga kelele mpaka wateja wakachungulia. Nilifurahi, na papo hapo nikaudhika, kwa sababu mama alikuwa sahihi na itabidi nimwambie.

Kazi ilichukua siku nyingi, maana umeme wa mgao ulikuja mtaani kwake siku moja na siku ya pili hapana. Kila diski iliyosomeka alinakili kila kilichomo ndani ya kompyuta, akasafisha mdomo wa mashine, akaingiza nyingine. Mpira ulitoka, gari lilitoka, yule mtu wa kupanda ngazi na kuangukiwa na mapipa naye akatoka, bado anaangukiwa. Nilikuwa nakaa pale kwenye stuli nacheka peke yangu na machozi yananitoka, naikumbuka ofisi ile, vitambaa vile, vidole vyangu vya ujana. Matofali niliiacha ya mwisho. Sikuwa na haraka nayo hata kidogo.

Tulipoiingiza ilikwaruza, kompyuta ikaandika kwamba haisomeki. Tukaitoa, tukaipangusa upya. Haisomeki. Mara ya tatu mwenye duka akasema bismillahi, akaisukuma taratibu kwa kidole kimoja. Ikafunguka. Akabonyeza orodha ya washindi.

Juu kabisa lilikuwa jina la mtunza stoo. La pili, langu. Pointi arobaini kati yetu.

Niliangalia mpaka macho yakauma. Miaka minane nilikuwa nimemwita mwongo mbele za watu, mbele ya maiti za watu, na mwongo hakuwa yeye.

Mwenye duka alisogeza stuli yake karibu. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "nikibonyeza hapa, hii inafutika. Tuko wawili tu hapa na Mungu."

"Na Mungu ndiye anayenisumbua."

Na kweli ndiye. Sendoff ilikuwa Jumamosi, na asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepanga kwenda kuungama. Nikafikiria nimepiga magoti mbele ya padre wetu mzee, aliyekuwa bado anaogopa swichi ya taa, naanza kumweleza: baba, nimefuta diski. Diski ni nini, mwanangu? Ni kitu kama sahani, baba, kilikuwa kimekaushwa juu ya mafiga. Kina dhambi gani? Kina matofali, baba. Tungekaa kwenye kile kiboksi mpaka bwana harusi aende kuoa kwingine.

"Choma," nikamwambia. "Choma zote kwenye sidii, na hiyo pia, ilivyo."

Gemu kumi na tatu zilipona, zote zikaingia kwenye sidii moja. Niliiweka kwenye pochi, nikatembea nayo mpaka nyumbani nimeikumbatia, na kila hatua nikimtukana yule Mhehe.

Sendoff ilianza saa kumi alasiri kwenye ukumbi wa parokia. Mtani wangu sikuwa nimemwona tangu Pasaka, nilisikia tu kwamba yuko kwao Iringa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa viatu vya chini, na wiki nzima nilikuwa napanda na kushuka ngazi za nyumbani na debe la mahindi mgongoni, mume wangu akinitazama bila neno.

Aliingia wakati wa chakula. Nilimjua kwa koti, maana lilikuwa koti lake la siku zote, la kahawia. Lakini ndani ya koti lile ungeweza kuongeza mtu mwingine wa kukaa naye. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Watu wakamwangalia, halafu wakaangalia sahani zao. Miaka ile tulizoea kuangalia hivyo, na hakuna aliyekuwa anauliza ni ugonjwa gani.

Nikaishika pochi yangu. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, rahisi kabisa: moshi umeua diski. Kila mtu angeamini, na yeye asingebebwa mbele za watu akiwa katika hali ile.

Lakini akasimama. Sauti ilikuwa bado ni ile ile ya kuitia vibarua stoo. "Mtani! Diski zimesema nini?"

Wakwe wakaweka vijiko chini. Nami nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama, mtu aliyesafiri kutoka Iringa na mwili ule, na nikajua hakuja kula pilau.

"Uko juu," nikasema. "Pointi arobaini. Nimekuita mwongo miaka minane, na wewe ulikuwa unasema kweli."

Ilikuwa vigelegele na meza kugongwa. Yeye mwenyewe hakushangilia, alibaki mdomo wazi. "Kaa chini, mtani," akasema. "Ulikuwa utani tu."

"Utani gani! Panda."

Nilimvua dada yangu kanga begani, nikaenda nikageuka mbele yake nikainama. Akacheka, akasitasita, akapanda. Nikamfunga. Nikakaza magoti kama mtu anayebeba ile mifuko miwili ya mbolea, nikavuta pumzi, nikainuka kwa nguvu zangu zote, na nusura nianguke kifudifudi, kwa sababu hapakuwa na mzigo. Ilikuwa koti na mifupa. Joto lake la homa lilipenya kanga mpaka kwenye ngozi yangu.

Nikaanza kutembea. Walimu wale wa tabasamu la kipimo walikuwa wanajipiga mapaja. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi.

"Ungesema zimeharibika, mjinga wewe," mtani akaninong'oneza sikioni. "Nani angejua?"

"Nyamaza, mla mbwa."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikakisikia chote mgongoni. Nilikuwa nalia waziwazi, na watu wakadhani nacheka, wakazidi kupiga vigelegele. Tulipofika tena mbele ya meza kuu, mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Imetosha, mama, mshushe!"

Nikakaza fundo la kanga, nikaanza mzunguko wa pili.