Anatoka Lini kwa Mama Yake

Mbwa wangu wa kwanza alikaa nami siku tisa. Nilimpata kwa mtu aliyekuwa amembeba kwenye kikapu pembeni ya soko la Kasulu, akaniapia kwamba ana miezi miwili na kwamba ni wa jamii ya mbwa wadogo, wale wasiozidi paka. Kweli alikuwa mdogo, maana alikuwa na wiki nne tu. Hilo nililijua baadaye, afisa mifugo alipomfungua mdomo na kunionyesha meno yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Nilimnunulia chupa yenye chuchu ya mpira, nikamkorogea maziwa, nikamfunika kwa sweta langu, kwa sababu asubuhi za Kasulu zina baridi ambayo sisi tuliotoka Morogoro hatukuizoea. Siku ya tisa nilirudi kutoka shuleni kula chakula cha mchana nikamkuta ameshakufa, kichwa kimelala juu ya chupa. Nililia sana. Walimu wenzangu niliwaambia nina mafua.

Afisa mifugo hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba mbwa wa kawaida huweza kumwacha mama yake akitimiza wiki nane, lakini hawa wadogo waongezewe muda, wiki kumi, hata kumi na mbili, kwa sababu miili yao haina akiba. Akikosa kula saa chache, sukari inashuka na anazimika. Tena awe ameshajua kula chakula kigumu, na awe amecheza na ndugu zake vya kutosha hadi ajue kung'ata kunaumiza.

Tangu hapo nikawa mtu wa kushuku. Kusema kweli nilikuwa hivyo tangu zamani, yule mbwa alinipa sababu tu.

Aliyeniambia habari za mama wa Kibondo alikuwa mwalimu wetu wa jiografia, Muha wa hapohapo Kasulu. Mama huyo aliwahi kumpikia mgeni mmoja aliyefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, mgeni akaondoka, akamwachia kambwa kake keupe, jike, kenye manyoya marefu usoni. Sasa kambwa hako kalikuwa kamezaa watoto watano na daktari mmoja wa jirani, nilisema hivyo hivyo nikiwasimulia watu ofisini, wakacheka mpaka nikasahihisha kwamba ni na mbwa wa daktari.

Nilimpigia yule mama simu. Alikubali kunipa mmoja. Nilipouliza bei alisema tutaongea nikija kumchukua. Mtu asiyetaja bei ananitisha kuliko anayetaja kubwa. Nikajiuliza anataka nini kwangu.

Nilikwenda Kibondo Jumamosi ya kwanza niliyopata nafasi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mihogo imeanikwa juu ya turubai uani, na mbwa wamewekwa kwenye pembe ya jiko la nje ambako majivu yalikuwa bado na joto. Watoto walikuwa watano kama alivyosema. Nikauliza wamefungua macho lini.

"Walifungua kesho kutwa," akasema.

Nilimtazama. Akanitazama. Hakuona kosa lolote. Mimi nikaliweka moyoni. Mtu asiyeweza kupanga siku katika uongo wake, niliwaza, atanipanga mimi vipi?

Nikamuuliza yeye mwenyewe ni wa wapi. Swali hilo nililiuliza kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, lakini lilikuwa na shaka ndani yake na yeye aliisikia. Aliingia ndani akarudi na karatasi yake ya uraia ndani ya mfuko wa plastiki, akanikabidhi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Ningekuwa na adabu ningeirudisha bila kuisoma. Niliisoma, na nikaangalia na mhuri.

Na yeye aliniuliza swali moja tu.

"Mwarimu, umeshawahi kufuga mbwa?"

Nikasema hapana. Nilijua nikisema ukweli hatanipa. Muda huohuo nilikuwa nimeshatoa ile chupa yangu kwenye mkoba ili nimsaidie kumlisha yule mdogo kuliko wote, mwenye sikio moja la kahawia, kwa sababu ndugu zake walikuwa wanamsukuma mbali na ziwa. Mama akaichukua chupa, akaigeuza mkononi, akauliza ilikuwa ya nani. Nikasema ya mtoto wa dada yangu. Akaiweka kwenye kinu kilichokuwa karibu, akamshika yule mdogo akamwelekeza kwenye ziwa la nyuma lenye maziwa mengi, akamshikilia hapo mpaka akashiba. Ndiye niliyemchagua. Nikampiga picha sikio na kidevu, pande zote, ili nisije kubadilishiwa.

Nilipofika stendi nikagundua chupa imebaki. Nikampigia, akasema hajaiona. Baada ya dakika chache akatuma ujumbe kwamba ameiona, ataitunza. Nikaamua ni mwizi. Hivi hivi, kwa chupa.

Wiki nane zilipotimia nikarudi na kikapu na kitambaa. Nikakuta watoto wanne. Nikahesabu mara mbili, nikauliza wa tano yuko wapi. Akasema amekwenda kwa daktari mwenye baba yao, nyumba ya tatu kutoka pale, na kila siku anarudishwa kumwona mama yake. Nikasema kama huyo ametoka, na wangu atoke. Mama akakataa. Yule wa daktari alikuwa mnene na anakula ugali na dagaa kama mtu mzima. Wangu alikuwa bado anaenea kwenye viganja viwili. Akanionyesha: aliweka sahani ya uji wa dagaa waliosagwa, wangu akalamba mara tatu, akapata chafya, akakimbilia ziwa. Na mama yake akajilaza ubavu, akampokea.

"Umeona?" akasema. "Siyo mimi ninakataa. Siku mama yake atamukataa, mimi nitakuita."

Nilirudi Kasulu na kikapu kitupu. Mwalimu wa historia, aliyekaa dirishani ofisini, aliniambia wazi kwamba nazungushwa. Alisema yule mama amepata mteja mwingine, labda mfanyabiashara wa Kigoma mjini, na mimi nawekwa kama akiba. Sikuhitaji kushawishiwa. Nilikuwa nimeshayawaza hayo ndani ya basi, tena kwa undani kuliko yeye. Nilikuwa nimeshamwona hata huyo mfanyabiashara, na gari lake.

Zikapita wiki tatu. Nikipiga simu, ama haipatikani au anasema bado. Neno hilo, bado, nililichukia. Usiku sikulala kwa raha, na nikiwa darasani nilikuwa naichungulia simu chini ya meza kama wanafunzi ninaowanyang'anya. Hatimaye, Ijumaa moja saa nne asubuhi, nikamwandikia: Mbwa wangu anatoka lini?

Jibu likaja neno moja. Ejo.

Nikamwonyesha mwalimu wa jiografia, aliyekuwa anasahihisha madaftari. Nikamuuliza ejo ni nini. Bila kuinua kichwa akasema, "Jana."

Mbwa wangu ametoka jana.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga mara sita. Kipindi changu cha saa tano nilifundisha jinsi nilivyofundisha, Mungu anajua, na wanafunzi wale wakifeli mada ile ni juu yangu. Kesho yake, Jumamosi, nilipanda basi la kwanza la Kibondo bila kikapu. Sikwenda kuchukua mbwa. Nilikwenda kumwambia yule mama jinsi alivyo.

Njiani palikuwa na kizuizi, tukashuka kuonyesha vitambulisho. Dada mmoja mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka akawekwa pembeni na kuulizwa maswali mengi, sisi wengine tukamsubiri na kulalamika kwamba anatuchelewesha. Mimi nililalamika kuliko wote.

Nilimkuta yule mama anachambua maharage uani. Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwarimu, umewahi."

Na hilo nalo nililisikia vibaya. Nikaona ananikejeli. Nikamuuliza mbwa wangu amempa nani. Akawa kama hajaelewa. Nikamwambia asijifanye. Halafu nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

"Nyie watu wa kambini hamwaminiki."

Hakuwahi kuishi kambini siku hata moja. Alikwenda kupika, akarudi kwake. Nilikuwa nimeisoma karatasi yake mpaka mhuri. Aliangalia maharage, akachukua moja bovu akalitupa.

Wakati huo yule mbwa akatoka nyuma ya jiko. Ni wangu, sikio la kahawia, ameogeshwa, manyoya yamesimama kwa usafi. Amenenepa. Alimfuata mama yake aliyekuwa amelala kwenye jua, akapeleka mdomo kwenye ziwa, na mama yake akakunja pua, akanguruma, akamsukuma kwa mguu. Mtoto hakulia. Aligeuka akaenda kwenye sahani iliyokuwa mlangoni, akala ugali na dagaa mpaka akaufikia udongo wa sahani. Pembeni ya sahani palikuwa na kikapu, na ndani yake kipande cha kanga kuukuu alichokuwa analalia mama yake.

Nilitoa simu nikamwonyesha ujumbe wake. Nikamwambia ameandika kwamba mbwa ametoka jana. Alisoma midomo ikicheza, akanirudishia.

"Mimi nimesema leo," akasema. "Kama uliniuliza ijana, ejo ni leo."

Ndipo nikaelewa, nikiwa nimesimama na mkoba begani. Kwa Kirundi chake, na kwa Kiha cha mwalimu wetu vilevile, neno ni hilo moja kwa siku iliyopita na siku inayokuja. Kinachotofautisha ni maneno yaliyo pembeni, na yeye hakuweka lolote pembeni, kwa sababu alidhani swali langu limetosha. Ndiyo maana watoto walifungua macho kesho kutwa; alikuwa na maana ya juzi. Mwanamke yule hakuwahi kunidanganya hata mara moja. Alikuwa anavusha siku kutoka lugha moja kwenda nyingine, zinageuka njiani.

Nikaanza kuomba msamaha. Hakunisikiliza. Aliingia ndani, akatoka na chupa yangu, imeoshwa, imefungwa kwenye karatasi. Akaifungua akanishikisha chuchu ya mpira mahali palipokuwa na vitobo vidogo vidogo, vingi, vyembamba kama vya sindano. Mimi nilikuwa na chupa ile miezi, sikuwahi kuvitazama.

"Mtoto wa dada yako ana meno ya namna hii?"

Nikaanza kuikunja ile karatasi.

"Alikufa siku ya ngapi?"

"Ya tisa," nikasema. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwambia tangu tufahamiane.

Akakaa kwenye kigoda chake, akaendelea na maharage. Alinieleza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili na mengine akiyaacha kwa Kirundi, kwamba alijua tangu siku ile ya kwanza. Alificha chupa kwa makusudi ili nisije nikamchukua mtoto mapema na kumtegemea mpira. Kwa mtu mwingine angemtoa wiki ya kumi. Kwangu alingoja. Hakujua mikono yangu, na alijua nimedanganya. "Nilitaka atoke anajua kula mwenyewe," akasema, "hata wewe ukikosea."

Miezi yote hiyo nilikuwa namshuku, na yeye alikuwa ananishuku, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ushahidi.

Nilimwomba radhi tena kwa lile neno la kambi, nikilitaja lenyewe, si kwa kuzunguka. Hakusema amenisamehe. Alisema nile kwanza, basi la kurudi bado. Tulikula maharage na ndizi. Bei hakutaja. Niliposhikilia sana alisema nimlipe dawa ya minyoo aliyompa mtoto, basi. Mama mbwa alikuja kunusa kikapu, akamlamba mtoto usoni mara moja, akarudi kwenye jua lake. Mimi ndiye niliyelia.

Sijafika hata kizuizini ukaingia ujumbe: Amekula? Nikaandika bado yuko safarini. Jioni tena: Amekula? Nikajibu amekula. Akaandika: Picha. Nikampiga picha mbwa, na sahani, na sahani ikiwa tupu. Kesho yake hivyohivyo, asubuhi, mchana na jioni. Mwalimu wa historia aliona, akasema yule mama ananisumbua, nimkatie simu. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nachukia kuulizwa, sikatai, lakini sikukosa kujibu hata mara moja. Mwalimu wa jiografia naye nilimwuliza kwa nini aliniambia ejo ni jana. Akasema ni jana kweli, na ni kesho pia, mimi sikuuliza vizuri.

Siku ya tisa ujumbe haukuja asubuhi. Mchana niliomba ruhusa nikakimbia nyumbani, ufunguo unakataa kuingia kwenye kitasa. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba na kiatu changu mdomoni. Nikakaa sakafuni. Simu ikaita.

Hakuandika, alipiga. Nilisikia kuku wake nyuma, na pumzi yake.

"Amekula?"

"Amekula, mama. Sahani nzima."

Nikamsikia akifukuza kuku mlangoni.

"Haya," akasema. "Sasa ametoka kwa mama yake."