Mtungi wa Kashi

Nilipokuwa mtoto Kilwa Kivinje, zama za Mwingereza, hakuna kilichonitisha kama mtungi mdogo wa shaba uliokaa juu ya kabati la Mabaniani, jirani zetu wenye duka. Ba, bibi yake shoga yangu Kamla, alikuja nao kutoka Kashi, mji mtakatifu wa kwao Bara Hindi. Alikawia safarini hata tukadhani hatarudi. Aliporudi alituketisha barazani akatusimulia: vichochoro vimejaa mahekalu, kengele hazinyamazi, ngazi za mawe zinashuka mpaka ndani ya mto Ganga, na pembeni maiti wanachomwa mchana kweupe huku watu wanaoga.

"Nikaoga, nikachota," alisema, akiupapasa mtungi. Mdomo wa mtungi ulikuwa umelehemiwa.

Kulehemiwa huko ndiko kulikomtisha Bibi yangu. Sisi tulijua nani hufungiwa ndani ya shaba: majini walioasi zama za Nabii Suleimani.

"We Zuhura, nisikie! Siku utakapofunguliwa mtungi ule, mtu atakufa nyumba ile. Usije ukasema sikukwambia."

Nani angembishia Bibi? Niliamini, tena sana.

Masika yakaja, Ba akashikwa na homa isiyosikia dawa. Alasiri moja nikaenda kumtazama. Lahaula! Namkuta mama yake Kamla juu ya kigoda anauteremsha mtungi, kisu mkononi. Sikufikiri. Niliurukia nikaukumbatia.

"Usifungue, mama! Ukifungua Ba atakufa!"

"Una wazimu, mtoto wewe? Lete!"

Anavuta, navuta. Kamla kasimama katikati analia, hajui amshike nani. Ndani ya shaba kitu kilicheza, nikakisikia kifuani. Sikuachia. Nilimpenda mno yule bibi.

Ba walikuwa wamemlaza sakafuni, kama ilivyo desturi yao kwa mtu anayekaribia kufa. Akafumbua macho.

"Zuhura, binti yangu," alisema, pumzi zinamkatika. "Maji hayo nimeyafuata ng'ambo ya bahari. Nipe, nife vizuri."

Nikautoa. Wakamdondoshea matone mdomoni, na kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ameshakata roho.

"Si nilisema mimi!" Bibi alimaka, akafunga dirisha la upande ule.

Hakukosea, masikini. Mtungi ulifunguliwa na mtu akafa. Ila kifo ndicho kilichotangulia kuingia, mtungi ukafuata. Hilo nimekuja kulielewa ukubwani, siku Bibi mwenyewe alipozidiwa. Alininyooshea kidole kasha lake. Chini ya sanda palikuwa na kopo la bati, maji ya Zamzam aliyoletewa na kaka yake alipotoka hija. Mdomo umelehemiwa.

Nililishika, mikono ikagoma. Woga ule ule wa utotoni, mtu mzima mimi!

Kamla alikuwa amekaa nami tangu asubuhi. Hakuuliza mna nini ndani. Alinipa kisu.

"Mpe, Zuhura," akasema. "Mpe bibi yetu."

Nikampa.