Mwanafunzi wa Mama Yangu

Barua ya mafunzo kazini ilipofika shuleni kwetu Njombe ilikuwa na nafasi mbili kwa walimu wa sanaa za maonyesho, na sisi tulikuwa wawili tu. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya mtu kumwonea mwenzake wivu. Mimi nilianza hata hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita kazini, mingi kati ya hiyo nikifundisha Kiswahili na kusimamia ngoma na maigizo baada ya vipindi, na hakuna aliyewahi kuniita kwenye semina yoyote. Somo lilipoingizwa rasmi kwenye ratiba, mwenzangu ndiyo kwanza alikuwa na mwaka wa pili. Mimi nilisubiri miaka yote hiyo, yeye alikuta mlango uko wazi.

Alitoka Kanda ya Ziwa. Alipangiwa kwetu mwezi wa Juni, akashuka stendi na kijikoti cha kuendea harusini, na sweta lake la kwanza la Njombe nilimpa mimi. Wakati huo nilimpenda. Ni rahisi kumpenda mtu anayetetemeka. Krismasi ilipofika hakuweza kusafiri kwenda kwao, nikamchukua hadi Kichiwa kwa mama yangu, tukala naye. Baada ya hapo akawa anakwenda mwenyewe Jumamosi kumsalimia mama. Nilifurahi. Nilidhani anamsaidia kupukuchua mahindi.

Barua ilitutaka kila mmoja aje na ngoma moja ya mahali anapofundisha, aioneshe, na aeleze atakavyoifundisha darasani. Nilifungua madaftari yangu ya chuo. Kulikuwa na maelezo ya ngoma moja ya mavuno ya mkoa wetu niliyowahi kuandikia kazi ya muhula, nayo nilikuwa nimeitoa kwenye kitabu cha maktaba. Nikaipangia hatua, nikachora mabango, nikaandika malengo mahususi. Nilimuuliza mwenzangu yeye anaandaa nini.

"Nina kitu kidogo, dada," alisema. "Bado nakikanda."

Semina ilikuwa ya siku tano Makambako, kwenye bwalo la shule ya bweni iliyokuwa likizo. Tulikuwa walimu zaidi ya thelathini, wale wa Ludewa wakiwa wamefika wamechoka kuliko sote. Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyefundisha peku juu ya sakafu ya saruji baridi huku sisi tumevaa soksi mbili mbili. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba hataki kusomewa. "Nataka niione ngoma ikitoka kwenye mwili mmoja na kuingia kwenye mwili mwingine," alisema. Nikayatazama mabango yangu, nikaona haya kidogo.

Zamu yangu ilikuwa Jumatano asubuhi. Nilieleza, nikaonesha, nikawapanga wenzangu mistari miwili, wakafuata. Hakuna aliyekosea. Nilipomaliza mwezeshaji aliniuliza, "Ulijifunza kwa nani?"

"Chuoni."

"Umepanga vizuri sana," alisema, akaandika kitu kifupi kwenye daftari lake.

Aliyefuata alikuwa mwenzangu. Hakubandika kitu ukutani. Alijifunga khanga chini ya kiuno, akasimama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoacha ufunguo. Kisha akasafisha koo na kuanza kuimba kwa Kibena, lugha ya kwetu.

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Sisemi ilifanana nayo. Alipumua pale mama anapopumua, akalikata neno katikati kama mama anavyolikata anapoimba peke yake jikoni akidhani hakuna mtu. Wimbo wenyewe nilikuwa nimeusikia vipande vipande tangu utoto, kupitia ukuta, bila kujua kwamba una mwisho. Mwenzangu aliufikisha mwisho. Halafu akaanza kucheza. Hatua mbili mbele, bega likishuka, na kila baada ya hatua ya pili mguu wa kushoto ukiburutwa chini, taratibu, kama unaokataa kuja. Wenzetu walisimama bila kuitwa. Dakika chache baadaye bwalo zima lilikuwa linaburuta mguu wa kushoto, na vumbi la saruji likipanda.

Mwezeshaji alikuwa amesimama pembeni, mikono mdomoni.

"Nani amekufundisha?" aliuliza walipokaa.

"Bibi mmoja wa Kichiwa," alisema mwenzangu, huku akihema na kucheka. "Ni mama yake Madam." Akanionesha kwa kidole, kwa furaha, kana kwamba ananipa zawadi.

Vichwa vyote vikageuka. Nilikuwa na nafasi ya kutabasamu. Badala yake nilisimama.

"Kuna kosa moja," nilisema, kwa ile sauti ninayoitumia kwenye vikao vya idara. "Huo mguu wa kushoto haumo kwenye ngoma. Mama yangu alianguka shambani miaka mitatu iliyopita, nyonga ikaumia, tukampeleka hospitali ya Ilembula. Tangu hapo anauburuta. Mlichojifunza hapo ni ugonjwa wa nyonga."

Wawili watatu walicheka. Wengine waliangalia viatu vyao. Mwenzangu aliifungua khanga, akaikunja mara nne, akakaa. Nami nikakaa, na kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima.

Mapumziko yalipofika alinifuata kwenye birika la chai.

"Dada, kwa nini hukuniambia pembeni?"

"Wewe uliniambia unachokwenda kufanya kwa mama yangu?"

"Nilikwambia nakwenda kwa mama kila Jumamosi. Hukuniuliza tunafanya nini." Alisubiri niseme kitu. Nikajimiminia chai. Akaenda kukaa na walimu wa Ludewa.

Kipindi cha jioni kilikuwa cha majadiliano ya vikundi. Niliomba ruhusa, nikapanda gari la Njombe, nikashuka njia panda ya Kichiwa na kuchukua bodaboda hadi nyumbani kwa mama. Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kumuuliza mama kwa nini amempa mtu wa kuja kitu ambacho hakunipa mimi niliyetoka tumboni mwake. Nilikuwa nikiumia kama mtoto aliyekuta mwenzake ameketi mapajani kwa mama yake.

Nilimkuta ghalani, ameketi kwenye gunia, anachagua mbegu za viazi. Vyenye macho mengi kushoto, vilivyooza nje.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Semina imeisha?"

"Bado." Nikavuta gunia, nikakaa mbele yake, nikaanza kuchagua naye. "Leo nimeona ngoma yako."

Hakusimamisha mikono. "Ameicheza vizuri?"

"Ameicheza na nyonga yako. Amewafundisha watu thelathini kuchechemea. Nimewaambia ukweli."

Mama aliinua macho. "Umewaambia nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akakitazama kiazi alichokishika, akakitupa nje.

"Mguu huo unaburutwa," alisema. "Bibi yako aliuburuta, na nyonga zake zilikuwa nzima mpaka anazikwa. Ni ngoma ya kumaliza kuvuna ulezi. Wanawake wametoka shambani wamechoka, shamba limewashika mguu, halitaki waondoke. Ndiyo maana yake. Nilikuwa nauburuta kabla hujazaliwa."

"Mbona sijawahi kuona?"

"Ungeniona wapi? Baba yako alikuwa mwinjilisti. Ngoma kwake ilikuwa ya watu wa pombe, nami niliolewa nikijua hivyo. Nilikuwa naimba jikoni."

"Baba amefariki siku nyingi, mama."

"Siku nyingi." Alichukua kiazi kingine. "Wewe ulikuwa umeshamaliza chuo. Ukija hapa unaniletea sukari, unaangalia dawa zangu, unaangalia simu yako, unaondoka. Unanitunza vizuri, sisemi vibaya. Lakini yule binti alikaa hapo ulipokaa akaniuliza, mama, ulipokuwa msichana mlikuwa mnacheza nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Nilitaka kusema kwamba mimi ni mwalimu wa ngoma, na kwamba nilipokuwa chuoni niliandika kurasa kumi na mbili juu ya ngoma ya watu wengine. Nikaona nitajihukumu mwenyewe. Tuliendelea kuchagua viazi. Baadaye kidogo mama alisema, bila ukali, "Umemwaibisha mtoto wa watu."

Neno lililonichoma hapo halikuwa kuaibisha. Ni lile *mtoto*.

Nililala Kichiwa. Alhamisi saa mbili nilikuwa Makambako, na kabla kipindi hakijaanza nilimwomba mwezeshaji dakika moja. Nilisimama mahali pale pale. Niliwaambia walimu kwamba jana nilisema jambo nisilolijua, kwamba mguu wa kushoto ni wa ngoma, na maana yake ni hii na hii. Nikamgeukia mwenzangu. "Nisamehe, mdogo wangu. Ulifundisha sawasawa."

"Imeisha, dada," alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu kuliko nilivyopenda.

Nilidhani nitarudi kukaa. Lakini mwezeshaji alisema, "Basi wewe ndiye mwenye ngoma. Hebu tuoneshe."

"Mimi siijui," nilisema.

"Vizuri. Mwalimu wako huyo hapo."

Mwenzangu alikuja, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono kiunoni. Bwalo zima lilikuwa linatuangalia. Nilianza. Hatua mbili nilizipata. Kwenye ya tatu niliburuta mguu mapema mno, nikarudia, nikachelewa. Nilikuwa naangalia chini.

"Usiuangalie mguu, dada," alininong'oneza. "Mama anasema mguu ukitazamwa unaona aibu."

Nimeishi na mama yangu miaka kumi na minane chini ya bati moja, na sijawahi kumsikia akisema maneno hayo. Mgeni alinipatia kauli ya mama yangu sikioni, kwa Kiswahili chake cha Kanda ya Ziwa, mbele ya walimu wa mkoa mzima, nami nikaifuata kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipoacha kuutazama, mguu ulikuja. Walipiga makofi. Nilitabasamu, lakini ndani nilikuwa nimevimba kama unga wa maandazi. Wivu wa Jumatano ulikuwa wa kumtaka yeye ashindwe. Huu wa Alhamisi ulikuwa mbaya zaidi, maana sasa nilijua alistahili.

Tuliporudi Njombe tulianza kwenda Kichiwa wote wawili. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba siku ya kujifunza nisije na orodha ya dawa. Tulicheza uani, kwenye udongo uliofagiliwa, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda akipiga makofi, na wimbo ukimpanda anasimama kidogo kutuonesha, kisha anakaa akishika nyonga. Kwa mwenzangu alikuwa anasema "Eeh, hivyo." Kwangu alikuwa anasema "Unafikiri sana." Siku moja alituambia tucheze mara ya mwisho, tukacheza, akafumba macho akisikiliza miguu yetu kwenye udongo. Alipofumbua alisema mmoja anasikika kama mkulima na mwingine kama karani. Hatukuuliza nani ni nani.

Hata hivyo niliifundisha. Darasa la kidato cha kwanza liliicheza nyuma ya maabara kwa sababu uwanjani kulikuwa na mpira, na niliwaambia wasiutazame mguu. Msichana mmoja aliniuliza nani alisema hivyo. Nilisema, "Mama yangu." Sikusema nimeyapataje.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine. Walimu wa Wanging'ombe walikuwa wanaandaliwa mafunzo kama yale, huko kwao Igwachanya, na mwezeshaji alikuwa amependekeza mtu mmoja kutoka shuleni kwetu awe msaidizi wake. Mkuu wa shule alinipa mimi barua niipeleke, kwa kuwa nilikuwa naelekea ofisi ya walimu. Jina lilikuwa la mwenzangu. Nilitembea nayo korido nzima huku nikijiambia kwamba yeye ni kijana, ana nguvu, anafaa. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia. Nilimpa, nikampa na mkono.

"Hongera."

Aliisoma mara mbili. Kisha akanitazama kwa namna ya mtu anayepima kama maji ni ya moto.

"Dada, twende wote. Jana nilimwambia mama kwamba huenda wakaniita, akasema nikienda niende na wewe. Anasema wewe ndiye unayejua kupanga somo, mimi napitiliza muda."

Kwa hiyo mama alijua habari hii kabla yangu. Alikuwa ameshaijadili, ameshatoa maoni, na maoni hayo yalikuwa ya kunisifu, nami nilikuwa nayapata kwa mkono wa pili.

"Mwambie mama nitaangalia ratiba," nilisema.

Alicheka. Ilinichukua muda kuelewa anacheka nini. Nilikuwa nimemtuma mtu apeleke ujumbe kwa mama yangu mwenyewe.

Nilipofika nyumbani jioni nilivua viatu, nikakaa kitandani, nikampigia. Simu yake ilikuwa inatumika. Nilijua anaongea na nani. Nilisubiri, nikachemsha maji ya chai, kisha nikapiga tena.