Vijiti Vinne vya Shahada Yangu

Niliporudi nyumbani na shahada ya muziki, katikati ya miaka ya sabini, baba hakuniuliza nilifaulu vipi. Aliuliza, "Mama yako anaimba kanisani tangu usichana wake. Nani amewahi kumlipa?" Kisha akakitia cheti changu kwenye bahasha ya kaki na kukifungia katika sanduku la bati, pamoja na stakabadhi zake za pareto. Wageni walipopanda mlimani kwetu, juu ya Iyunga, alinitambulisha kuwa ndiye bintiye aliyekwenda chuo kikuu kujifunza kuimba. Walicheka mpaka wakakohoa.

Nayaandika haya kwa mpangilio, kama yalivyofuatana, kwa sababu waliokuwapo wameyasimulia vingine tangu siku ile.

Mchumba wangu alikuwa bwana shamba Chimala, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mimi nilikuwa nimepata barua ya kwenda kufundisha muziki katika chuo cha ualimu Iringa. Tulikubaliana, sisi wawili tu, kwamba nitaripoti Iringa, naye ataomba uhamisho anifuate. Barua niliihifadhi chini ya godoro. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu kutajwa kwa jina lake: muziki.

Wakwe walikuja Jumamosi asubuhi, wanaume watano waliojifunga mablanketi kwa ajili ya baridi yetu, na debe la samli. Waliketishwa sebuleni. Mchumba hakuruhusiwa kuingia, ndivyo desturi ilivyotaka. Alikaa nje kwenye baraza, karibu na kuni. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, tukimenya viazi. Ukuta wa mbao kati ya jiko na sebule haukufika kwenye bati, na ulikuwa na ufa wa kutosha jicho. Wao walikuwa na lugha yao na sisi yetu, hivyo mambo yote yalizungumzwa kwa Kiswahili. Sikukosa neno.

Kwetu mahari huhesabiwa kwa vijiti vya ufagio. Kila kijiti kinacholazwa mkekani ni ng'ombe mmoja. Wageni husihi, wenyeji huondoa kimoja kimoja, na kijiti kikishatoka mkekani hakirudi, hata aliyekitoa akijuta. Baba mkubwa, kaka yake baba na msemaji wetu, aliieleza sheria hiyo mara mbili ili wageni wasije wakalalamika. Akalaza vijiti saba. Halafu akalaza vinne vingine, pembeni.

"Na hivi?" aliuliza msemaji wao, mzee mwenye sauti nyembamba.

"Hivyo ni vya shahada."

Nikaacha kumenya. Nilisikia sanduku la bati likifunguliwa.

"Shahada ya nini?"

"Ya chuo kikuu," alisema baba mkubwa.

"Hapo nimesikia, mzee mwenzangu. Nauliza ni ya nini."

Baba mkubwa alikohoa. "Ya mambo ya sauti."

"Muziki," akasema mmoja wa wale wageni. "Kijana ametuambia. Ni muziki."

"Ahaa!" alisema yule msemaji wao. "Kwetu manju anaongoza ngoma nzima, ana zizi limejaa, na darasa la kwanza hajaliona. Huyu binti yenu amesoma miaka yote hiyo. Ana ng'ombe wangapi?"

"Si ndio mnamletea leo!" alijibu baba.

Wakacheka wote, wao na sisi. Nilichungulia kwenye ufa. Walikuwa wametoka kula viazi vya asubuhi kwa samli, na cheti changu kilikuwa kikipita mkono kwa mkono. Mzee wa sauti nyembamba alikipima kiganjani, akakiinua, kisha akakibana vizuri kwa kidole gumba kilichong'aa mafuta, ili asikiangushe.

"Sikilizeni," alisema baba. "Serikali haiulizi shahada ni ya nini. Wa hesabu na wa muziki wanapanga foleni moja mwisho wa mwezi."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilimwambia hayo hayo mwaka uliotangulia, nikijitetea, naye akaniita mjinga mbele ya wadogo zangu. Sasa aliyasema kama mtu aliyeyatoa kichwani mwake. Redioni nako hatukupitisha wiki bila kuambiwa kwamba muziki ndio utamaduni wa taifa; nyumbani ulikuwa mzaha mpaka ulipogeuka kuwa mifugo.

"Kama ni mshahara, basi tuzungumze mshahara," alisema yule mzee. "Hatuwezi kutoa ng'ombe kwa mshahara unaolala Iringa. Aiache hiyo Iringa. Aje shule ya msingi iliyo karibu na boma letu, afundishe chochote watakachompa, na mshahara upite mkononi mwa baba mkwe wake. Hapo vinne tunavikubali, bila kuondoa hata kimoja."

Nilingoja baba aseme kitu. Alisema, "Hilo halina shida."

"Menya, mwanangu," alinong'ona shangazi. "Wameshaelewana. Menya."

Niliingia sebuleni na kisu cha viazi mkononi, na kisu hicho ndicho wanachokisimulia mpaka leo, kana kwamba nilikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekisahau tu. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba," wote kwa pamoja, kwa mazoea. Nikaokota vile vijiti vinne, nikakichukua cheti changu mkononi mwa mzee, nikarudi jikoni na kuvitia vijiti motoni. Vilikuwa vikavu, havikuchukua muda.

Upande wa pili wa ukuta ile sauti nyembamba ikasema, "Vimetoka mkekani."

"Amevitoa mtoto!" alifoka baba mkubwa. "Mtoto hahesabiwi!"

"Sheria ni yenu, mzee. Hukutuambia ina umri."

Walibishana mpaka viazi vikaiva. Vikabaki saba. Na kwa kuwa wakwe hawakuununua mshahara, walisema wenyewe kwamba hawana tena neno na Iringa.

Baba alikuja jikoni, akasimama akiutazama moto. "Umenichomea ng'ombe wanne."

"Walikuwa wa kuimba, baba. Nani amewahi kulipa?"

Akageuka, akarudi sebuleni kwa wageni wake.

Nilitoka nje na hasira zangu, nikidhani huko ndiko nitakapopata mtu wa kukasirika pamoja nami. Mchumba wangu alisimama akajipangusa vumbi la kuni.

"Ungesubiri kidogo," alisema. "Walishaanza kuelewana. Ungekuja Chimala hata mwaka mmoja, halafu tungeomba upya uhamisho."

"Kumbe ulijua watataka hivyo?"

Akazitazama kuni. "Wazee waliniuliza. Ningewaambia nini?"

Baba alikuwa na hamu ya ng'ombe, na wakwe walikuwa wanunuzi, niliweza kuwaelewa. Huyu nilikuwa nimemwonyesha ile barua. Aliisoma kwa sauti, akanipongeza, kisha akaenda kwao akaiacha ipigiwe bei bila yeye kufungua mdomo. Nilimwambia vijiti saba bado viko ndani. Kama bado ananitaka, anitafute Iringa, na aje na barua yake ya uhamisho.

Baada ya wiki tatu nilipanda basi la Iringa peke yangu, nikapanga chumba mtaa wa Mlandege, nikaripoti chuoni. Mkuu wa chuo alikiinua cheti changu dirishani. Mwanga ulipenya mahali pamoja, penye umbo la kidole gumba, juu kidogo ya neno "Muziki".

"Hili doa ni la nini?"

"Samli," nilimwambia.

Alikiweka mezani. Akaniuliza vipindi ningependa vianze saa ngapi.

Mchumba alikuja baada ya miezi minne, na barua ya uhamisho mfukoni. Nilimwacha asimame mlangoni mpaka aliposema, kwa mdomo wake mwenyewe, ni mkono wa nani utakaopokea mshahara wangu. Alichelewa kabla ya kusema, "Wako." Nilihesabu ule ukimya kwa mapigo, kama nilivyofundishwa, na sijausahau urefu wake.