Ujumbe wa Zamu ya Maji

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile tuliyoshuka Rujewa sisi watatu, bado tumevaa masweta ya baridi ya Mbeya, na jua la bonde la Usangu limeshaanza kutucheka. Nilikuwa binti mbichi, mtafiti mpya wa mifumo ya kompyuta. Usinitazame hivyo. Kazi yetu hii inazeesha upesi; mtu wa umri wangu huitwa bibi chuoni, na kanisani bado anaimba kwaya ya vijana.

Wenzangu walikuwa Neema na Lutengano. Neema, mzaliwa wa Ipogolo kule Iringa, alikuwa fundi wa programu. Kosa lililojificha ndani ya programu alilitoa kama mama anavyotoa jiwe kwenye mchele. Lutengano, mtu wa Tukuyu, alisomea namna watu wanavyoishi na mashine walizoletewa. Angeweza kukaa jikoni kwa mtu mpaka ugali uive, asiulize swali hata moja, na akatoka na habari zote za nyumba ile. Tulikula sahani moja. Walipendana kama waliozaliwa tumbo moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakulima wa mpunga wa mfereji mmoja walikuwa wametengenezewa mfumo wa kuwapelekea meseji: leo zamu ya maji ni yako, nenda ukafungulie jaruba lako. Mfumo ulikuwepo, meseji zilitumwa, na watu waliendelea kukamatana mashati mferejini. Chuo kilitutuma tutafute sababu.

Neema alifungua kompyuta, akaiona. Mtandao ukikata, meseji zilirundikana, zikaja kuwafikia wenyewe maji yameshapita. Lutengano naye aliiona, lakini aliiona nyumbani kwa Nkwimba, mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Nilikuwepo siku hiyo. Nkwimba alikuwa anapepeta mpunga, akatuambia bila hata kuacha kazi, "Hiyo meseji, dada yangu, mimi naisikia tu kwa watu. Simu iko na baba Mabula, na baba Mabula yuko na ng'ombe huko mbali. Mwenye kulima ni mimi."

Basi ukweli ulikuwa mmoja, ila ulikuwa na pande mbili. Ujumbe ulichelewa, na tena ulikwenda kwa mtu asiyekuwa shambani. Mtoto mdogo angeunganisha. Lakini elimu, mwanangu, wakati mwingine humfunga mtu macho pale pale inapomfungua.

"Hayo ya nani ana simu ni maneno ya majirani," Neema alisema. "Leo wanasema hivi, kesho vile. Mimi narekebisha kinachorekebishika."

"Na wewe unatibu mashine iliyo nzima zaidi ya wenye nayo," Lutengano akamjibu.

Walisema wakicheka. Mara ya kwanza walicheka.

Niliandika maelezo mafupi ya kuunganisha waliyoyaona wote wawili, nikaenda nayo kwa mkuu wa utafiti wetu. Aliyasoma kwa upole, akanirudishia. "Mshika mawili moja humponyoka," akaniambia. "Kila mmoja aandike lake, tutapata machapisho mawili." Nikarudi kwa wenzangu. Tulikuwa Igawa, tumesimama kunywa chai kando ya barabara kuu, na malori ya Zambia yanapita yakitikisa vikombe. Niliwasihi mpaka machozi yakanitoka mbele za watu. Neema alinipa leso. Lutengano aliniongezea chai. Walinipenda, hawakunisikia. Nimewahi kujiuliza kama ningepiga kelele badala ya kulia ingekuwaje. Ingekuwa vile vile.

Msimu uliofuata kila mmoja akatengeneza upande wake. Neema aliandika utaratibu mpya, na ulikuwa mzuri, sitamnyima sifa yake: meseji zikafika kwa wakati, na mwenye zamu akatakiwa kujibu. Asiyejibu, mfumo ulimpa jirani zamu hiyo ili maji yasipotee bure. Lutengano naye aliwakusanya akina mama, akawasomea ratiba ya mfereji, akawaambia, "Msingoje simu ya mtu. Siku yako ikifika, nenda kafungue. Haki ni yako." Nalo lilikuwa neno jema. Neema hakujua kuhusu mkutano huo. Lutengano hakujua kuhusu utaratibu ule mpya. Nami niliyajua yote mawili baadaye.

Siku ya zamu ya Nkwimba, meseji ilikwenda kwenye simu ya mumewe, huko machungani. Haikujibiwa. Mfumo ukampa zamu Sadiki, jirani yake, Msangu mpole mwenye watoto wadogo. Sadiki akashika jembe lake akaenda mferejini. Akamkuta Nkwimba na mdogo wake, Kulwa, wameshafungua maji.

"Zamu yangu hii, mama," Sadiki alisema, na akanyoosha simu waione. Meseji ilikuwepo kweli.

"Ratiba inasema ni yetu," Kulwa akasema. Nayo ilisema kweli.

Kila mtu alikuwa na haki mkononi, na mpunga wa kila mtu ulikuwa unakauka. Sadiki akainama kufunga maji. Kulwa akamsukuma. Sadiki akainuka na tope usoni, na Kulwa, kijana ambaye hakuwahi kupigana hata shuleni, akashusha jembe. Sadiki alifia njiani kupelekwa hospitali. Kulwa yuko gerezani. Nkwimba alihama na wanawe. Nilimtafuta miaka mingi, sikumpata.

Tulikwenda msibani wote watatu. Hakuna aliyetufukuza, na heri wangetufukuza. Baba mdogo wa marehemu, mzee mwembamba aliyekuwa anapokea wageni, alikuja akakaa nasi kwenye mkeka. Majirani walikuwa wameshamweleza mambo ya meseji na ya ratiba.

"Ninyi ni wa chuo kimoja?" akauliza.

"Ndiyo, baba," nikajibu. Wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa.

"Mnakaa pamoja? Mnakula pamoja?"

"Ndiyo, baba."

Kisha akasema polepole, bila hasira, "Sasa mlikosa nini cha kuambizana?"

Swali lile ninalo mpaka leo.

Ungedhani msiba ule ungewarudisha pamoja. Haukuwarudisha. Neema aliandika kwamba mkutano wa akina mama ndio uliovuruga mfumo. Lutengano akaandika kwamba mfumo ndio ulionyang'anya wanawake zamu yao. Wote wawili walipongezwa. Tangu hapo hawakusalimiana tena, na mimi nilibaki kuwasalimia mmoja mmoja. Mfumo ulizimwa, na wakulima wakarudi kuitana kwa sauti mferejini kama zamani.

Nakuambia haya kwa sababu nimefundisha muda mrefu, na kila mwaka nawaona wanakuja tena, akina Neema na akina Lutengano. Huyu anahesabu makosa ya programu, yule anahoji watu, na wanapishana mlangoni. Nasema, wanaitikia, wanatoka. Kusema kweli nimechoka, na sina tumaini kubwa kwamba wewe utakuwa tofauti.

Lakini mkubwa akinyamaza ni kama amekubali, kwa hiyo sikiliza. Ukiirekebisha mashine, nenda kamtazame anayeishika, uone kama anaishika kweli. Ukimsikiliza mtu, rudi ukajue mashine yake itafanya nini baada ya wewe kuondoka. Usiliachie jambo jema la upande mmoja likutane na jambo jema la upande mwingine mikononi mwa watu wasiokuwa na habari. Na kama huwezi yote mawili, maana wengi wetu hatuwezi, basi usilale kabla hujamwambia mwenzako ulichokiona. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeumia. Nakuambia tu kwamba msipoambizana, yuko atakayeumia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwenza asiyefanana nawe, akupe na subira ya kumngoja amalize kusema. Na kazi ya mikono yako isimlize mama yeyote.