Pumzi Yangu Kwenye Faili la Mume Wangu

Sijawahi kuonja pombe. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndivyo nilivyolelewa, na nilipokuwa mtu mzima sikuona sababu ya kuanza. Lakini kwa karibu mwaka mzima, kila nilipotaka kuwasha gari langu mwenyewe, ilinibidi kwanza nithibitishe kwamba sijalewa.

Gari lilikuwa langu kweli. Nililinunua kwa zamu za ziada katika nyumba ya wazee kule Burnsville, hapa Marekani, ninakofanya kazi ya uuguzi. Mume wangu alikuwa na lake, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alipolitumbukiza mtaroni. Alikuwa ametoka kula nyama choma kwa rafiki zake, akapitia kumchukua binti yetu kwenye mafunzo ya kuogelea. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua likiwaka, barabara kavu. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alivunjika mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega.

Nilipofika hospitali nilimkuta amefungwa mkono kifuani, nywele zake bado zina maji ya bwawa. Baba yake alikuwa ameshachukuliwa na polisi. Nilimuuliza mtoto kilichotokea, akageuzia uso ukutani. Sikumlazimisha. Nilidhani ni maumivu.

Kortini ndiko nilikojua kwamba hilo halikuwa kosa lake la kwanza. Kulikuwa na jingine la zamani, kabla mimi sijaja Marekani, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunigusia. Sheria ya jimbo ilikuwa imepanuliwa, sasa inaangalia nyuma zaidi kuliko awali, kwa hiyo kosa lile alilodhani limezikwa likafufuliwa. Alifungwa siku kadhaa. Akapewa masharti mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba hatarudishiwa leseni mpaka gari atakaloendesha lifungwe mashine ya kupima pumzi. Dereva anapuliza, mashine inanusa. Ikinusa pombe, gari haliwaki.

Gari lililokuwa limebaki nyumbani ni langu.

Tulizungumza jikoni asubuhi moja, mtoto akiwa shule. Mume wangu anahudumia watu wenye ulemavu katika nyumba moja kaskazini ya Roseville, na zamu yake huanza alfajiri, saa ambayo basi la kufika huko halijaanza kutembea. Bila gari angepoteza kazi. Alinieleza haya akitazama mikono yake, kisha akasema nikikataa ataelewa. Nilikubali kabla hajamaliza. Hasira ilinijia baadaye, nikiwa kazini, nikimbadilishia bibi mmoja shuka.

Tulilipeleka gari kwenye gereji ndogo nyuma ya maduka. Fundi alikuwa kijana mpole. Aliunganisha waya chini ya usukani, akabandika kamera ndogo kwenye kioo cha mbele, akatufundisha kupuliza kwenye bomba lake: vuta pumzi ndefu, puliza huku unaguna kooni, usiache mpaka usikie mlio. Akasema ukiwa barabarani mashine italia tena, na utapaswa kupuliza ukiwa unaendesha. Kamera itapiga picha kila mara, ili ijulikane nani amepuliza. Nikamuuliza kama na mimi nitapuliza. Akasema kila anayekaa kwenye kiti cha dereva.

Pale tulipokuwa tunasubiri palikuwa na mama mmoja Mkongomani, amekuja kukaguliwa mashine yake. Alinisikia nikiongea Kiswahili, akanisogelea. Tuliamkiana, akaniuliza mashine ni yangu au ni ya mzee. Nikamwambia ni ya mzee. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hata kwangu," akasema. "Ni yeye alikunywaka, lakini ni mimi ninapuliza."

Alinieleza kwamba mumewe alikataa kabisa kugusa ile mashine, kwa hiyo siku hizi yeye ndiye anampeleka kazini, anawapeleka watoto shule, kisha anakwenda kazini kwake akiwa ameshachoka. Fundi alipomwita, aliinuka akashika mkono wangu kidogo, akaenda. Sijamwona tena.

Malipo ya mashine yalikuwa ya kila mwezi, na ukaguzi pia, na bima nayo ikapanda. Sitataja hesabu zake. Inatosha kusema nilianza kufanya kazi Jumapili mbili kila mwezi, na ndiyo maana kanisani kwetu Brooklyn Center nikawa mtu wa kuonekana na kupotea. Nilipokwenda nilikuwa naegesha mbali na wenzangu. Bado walinikuta. Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa nimeweka bomba mdomoni, napuliza na kuguna, nikaona mama mmoja wa kwaya amesimama karibu na dirisha. Alisubiri nimalize. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaketi, akanishika mikono yote miwili na kuniombea nifunguliwe kutoka kwenye vifungo vya ulevi. Aliomba kwa muda mrefu, kwa machozi ya kweli. Ningeweza kumwambia si mimi. Lakini kusema si mimi ni kusema ni nani, na mume wangu alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akiwasaidia vijana kubeba spika. Nikasema amina.

Binti yetu, wakati huo wote, alikuwa hapandi gari likiendeshwa na baba yake. Hakugoma kwa maneno. Ikifika saa ya kutoka alikuwa anaumwa tumbo, au anasema atatembea. Mume wangu alijifanya haoni. Mimi niliona, na niliona pia jambo jingine ambalo sikulielewa: mimi nilipopuliza, mtoto aliinamia mbele kutoka kiti cha nyuma na kuutazama ule mwanga mdogo wa mashine mpaka ugeuke kijani. Ndipo alipofunga mkanda.

Mwezi wa pili, katika baridi ile ya kukata masikio, nilimaliza zamu ngumu. Kulikuwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika katika nyumba ya wazee, na tulikuwa tunajipaka sanitaiza, ile dawa ya mikono yenye kileo, kila tunapoingia na kutoka chumbani. Nilijipaka mara ya mwisho mlangoni, nikakimbilia gari, nikafunga milango, nikaishika mashine kwa mikono ambayo bado haijakauka. Nikapuliza. Mwanga ukawa mwekundu. Maandishi yakasema nimeshindwa.

Niliyasoma mara mbili. Kisha nikakumbuka mikono yangu. Nilirudi ndani, nikanawa kwa sabuni na maji, nikanywa maji, nikafungua madirisha ya gari upepo upite, nikapuliza tena baada ya muda. Kijani. Nikaenda nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na jambo lenyewe lilikuwa la kijinga, sikumwambia mtu.

Mwezi wa nne tulikwenda gereji kwa ukaguzi. Yule fundi alituuliza kama tulishajibu ile barua. Nikauliza barua gani. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama sakafu, nikajua.

Tulipotoka nje alinieleza. Barua ilikuja wiki chache baada ya siku ile ya sanitaiza. Ilisema mashine imenasa pombe, na ikatoa siku kadhaa za kujieleza. Ilikuwa na picha: mimi, nimevaa kofia ya sufu na sare ya kazi, macho yamechoka, bomba mdomoni. Chini ya picha ile palikuwa na jina lake na namba ya kesi yake.

"Nilishindwa kukuonyesha," aliniambia. "Niliona uso wako kwenye karatasi zangu. Nilishindwa."

Alikuwa ameificha barua ndani ya Biblia yake, na siku za kujieleza zikapita.

Nilipuliza, nikaendesha mpaka nyumbani. Nilijua amenificha kwa kunionea huruma. Nilijua pia kwamba ni kuficha kule kule.

Nilijaribu kuokoa kilichobaki. Nilihitaji mtu wa kuandika kwamba saa ile nilikuwa nimetoka zamu na kwamba tulikuwa tunatumia sanitaiza kupita kawaida. Mtu huyo alikuwa msimamizi wangu, mama wa makamo, mtu wa haki, ambaye kwa miaka sita alikuwa hajui lolote kuhusu nyumba yangu. Nilifunga mlango wa ofisi yake nikamsimulia yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema ataandika barua, na ataiandika vizuri. Lakini akasema pia kwamba kwa kuwa sasa amesikia kuwa mashine ilinasa pombe kwenye pumzi yangu nilipotoka kazini, kanuni zinamtaka anipeleke kupimwa, na kwamba anasikitika.

Nikaenda kupimwa. Muuguzi wa miaka kumi na nne, nimesimama chooni na kikombe cha plastiki, mtu mwingine akisubiri nje ya mlango. Majibu yalikuja safi, kama nilivyojua yatakuja. Msimamizi akaandika barua yake, nami nikaandika yangu, tukazituma.

Jibu lilikuja kwa upole, ila lilikuwa lile lile. Muda wa kujieleza ulikuwa umepita. Mume wangu aliongezewa miezi mitatu ya mashine.

Niliisoma barua hiyo mezani, tukila chakula cha jioni, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba ile hakuna barua itakayosomwa kwa siri tena. Mume wangu alisukuma sahani yake. Binti yetu aliendelea kula. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba ni vizuri.

Nilimkemea. Nilimwambia hajui miezi mitatu ni zamu ngapi. Lakini baba yake akaniomba nimwache, akamuuliza kwa nini ni vizuri.

Mtoto aliweka kijiko chini. "Siku ile nilikuuliza kama uko sawa," akamwambia, "ukasema uko sawa. Na tulipokuwa mtaroni ukaniambia nisimwambie Mama." Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mashine ikikataa, inasema imekataa."

Hapo ndipo nilipojua kilichomfanya ageuzie uso ukutani hospitalini. Alikuwa ameombwa kutunza siri na alikuwa anaitunza, mfupa umevunjika. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimeihesabu mashine kuwa aibu yangu, na gharama yangu, na dhuluma dhidi ya mtu asiyekunywa. Sikuwahi kujiuliza mtoto anaihesabuje.

Mume wangu alilia. Hakulia kwa sauti. Alimwambia mwanawe kwamba alimdanganya na kwamba alifanya vibaya kumbebesha uongo wake, na hakutia kisingizio chochote ndani ya maneno hayo. Mtoto alisema sawa. Akaomba ruhusa kuondoka mezani.

Kuanzia wiki iliyofuata alianza kwenda kwenye mikutano ya watu wanaoacha pombe, kila Alhamisi, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la Wazungu karibu na kwetu. Mikutano ya lazima ya korti alikuwa ameshaimaliza. Hii alikwenda mwenyewe, kwa miguu. Na mwezi wa sita, asubuhi moja, nilimwona binti yetu amekaa kiti cha nyuma, baba yake akipuliza. Alitazama mwanga. Akafunga mkanda.

Miezi mitatu ilipokwisha, mume wangu alimuuliza kama mashine iondolewe. Nilishangaa kwamba aliuliza. Mtoto aliomba ibaki mpaka shule zifunguliwe, na ikabaki, tukilipia kitu ambacho hakuna aliyetulazimisha tena. Nilifanya zile Jumapili zangu bila kunung'unika sana.

Watu kanisani bado wanabishana kuhusu sheria hii. Mzee mmoja husema ni mzigo kwa maskini, kwamba tajiri ataajiri dereva na mtu wa zamu atapoteza kazi. Ni kweli. Namkumbuka yule mama Mkongomani na ninajua ni kweli. Waliponiuliza mimi, niliwaambia inaumiza, na inaumiza wasiohusika, na wanaoisimamia wangeweza kutusikiliza kwa uvumilivu zaidi. Kisha niliwaambia kwamba mtoto wangu alipanda gari likiendeshwa na baba yake kwa sababu ya kile chombo. Hawakujua waniweke upande gani, nami sikuwasaidia.

Fundi aliitoa mwishoni mwa mwezi wa nane. Siku ya kwanza ya shule mume wangu aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini, na gari liliwaka mara moja, bila kuulizwa chochote. Nilisimama dirishani nikiwatazama, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka walipokata kona. Nilikuwa nimeshavaa sare na nilikuwa nachelewa basi la kwenda kazini. Lakini sikutoka nyumbani mpaka mume wangu aliponipigia simu kuniambia mtoto ameshaingia darasani.